Kurkuma ya sahani na kurkuma ya kapsuli



Kuna swali moja ambalo linarudi kila mara katika mikutano ya koperative: "Hizi kapsuli za kurkuma wanauzisha ku farmasi na ku soko, zinaponyesha kweli? Na kama zinaponyesha, juu ya nini muzizi wetu sisi wanaulipa franga kidogo vile?" Swali hili lina mambo mawili ndani: afya ya yule anayekula, na bei ya yule anayelima. Tutaanza na afya, sababu bila kuielewa hiyo hata mambo ya bei hayaeleweki.

Kurkuma, ile ambayo wengine wanaita manjano, ni ndugu wa tangawisi. Tunachovuna ni shina lenye kukaa chini ya udongo, na India ndiyo inchi yenye kulima kurkuma kuliko zote duniani. Rangi yake ya manjano inatoka kwa kitu kinachoitwa kurkumini, na hiki njo kitu ambacho watu wa maabara wanakitafuta. Lakini ndani ya muzizi hakiko kingi. Ukipima gramu 100 za unga mukavu, kurkumini ni karibu gramu 3. Kuna mbegu zenye kufika 5 au kupita, kuna zingine hazifike hata 2. Kinachobaki ni wanga, nyuzinyuzi, mafuta yenye harufu, na maji kidogo. Kijiko kidogo cha chai kinabeba kama gramu 3 za unga. Kwa hiyo mama akiweka kijiko kimoja katika sufuria, ameweka kama miligramu 90 za kurkumini, na hizo zinagawanywa kwa nyumba nzima.

Sasa tuangalie kapsuli. Wengi wanafikiri ndani yake kuna unga ule ule wa jikoni, umewekwa tu katika kifuniko kizuri. Zingine ni vile, lakini nyingi si vile. Kiwanda kinachukua unga, kinauosha na alkoli au dawa nyingine ya kuyeyusha, kinatupa wanga na nyuzinyuzi, na kinabaki na kiini ambacho asilimia 95 ni kurkumini tupu. Kapsuli moja ya miligramu 500 za kiini hicho inabeba miligramu 475 za kurkumini. Mutu akitaka kupata kiasi hicho kwa unga wa kawaida, ale karibu gramu 16, ni kusema vijiko vidogo vitano na zaidi, yeye peke yake, kwa mara moja. Hakuna mupishi anayefanya hivyo, chakula kingekuwa kichungu na hakuna mutoto angekikubali. Basi mutu akisema "hata babu wa Wahindi wamekula kurkuma miaka na miaka bila shida," anasema kweli juu ya chakula, lakini kwa kapsuli hajasema kitu bado.

Turudi sasa kwa jambo lenye kuwasumbua sana wale wanaouza kapsuli: kurkumini haiingii katika mwili kwa urahisi. Haipendi maji. Ukiikoroga katika kikombe cha maji baridi utaona inakaa chini kama muchanga. Katika utumbo ni vile vile, kubwa yote inapita tu na inatoka katika choo. Ile kidogo yenye kufaulu kupita katika ngozi ya utumbo inakamatwa hapo hapo, na inayobaki inakamatwa na maini. Maini yanaifunga na kitu kama sukari, yanaitia alama kwamba ni ya kutupwa, na inatupwa. Mwili unafanya kazi yake ya kila siku: kitu kigeni kikiingia, unakitoa.

Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walifanya jaribio ambalo mpaka leo linatajwa kwa karibu kila kopo la kapsuli. Waliwapa watu wazima wenye afya gramu 2 za kurkumini peke yake, wakapima damu. Hawakuona karibu kitu. Kisha wakawapa kiasi kile kile pamoja na miligramu 20 za piperini, kile kitu chenye kuchoma ndani ya pilipili manga. Kurkumini katika damu iliongezeka mara 20. Piperini inazuia wale wafanyakazi wa utumbo na maini wenye kufunga na kutupa, na kurkumini inapata muda wa kupita.

Mara 20 inaonekana ni kubwa sana, na wauzaji wanaiandika kwa herufi kubwa. Lakini tufanye hesabu ya sokoni: kama ulikuwa na franga 5, ukizidisha mara 20 una franga 100. Bado hauna pesa ya kununua kilo ya chumvi. Tena jaribio lile lilipima damu tu, kwa watu wachache wasiokuwa wagonjwa. Halikuuliza kama kuna mutu aliyepona kitu. Siku hizi viwanda vinatafuta njia zingine, vinachanganya kurkumini na mafuta ya soya yaliyotengenezwa, au vinaisaga mpaka inakuwa ndogo kuliko vumbi. Kweli inaingia zaidi. Na kama inaingia zaidi, mema yake yanaingia na mabaya yake pia. Hapo tutafika.

Kwanza jambo moja la majina, sababu hapa kwetu linaharibu mengi. Wakisema "kurkuma pamoja na pilipili," si pilipili yetu ya kila siku, ile nyekundu ya kusaga na chumvi. Pilipili kali ile haina piperini hata kidogo. Ukali wake ni wa kitu kingine kabisa. Yenye piperini ni pilipili manga, ile mbegu nyeusi ya duara ambayo ku magazini wanaiita puavre. Hata ile ndugu yake ya pori, yenye kupanda juu ya miti katika misitu yetu, inayo piperini. Kwa hiyo mama aliyekuwa anazidisha pilipili nyekundu ili kurkuma "ifanye kazi" anachoma watoto midomo bure.

Kitu kingine chenye kusaidia ni mafuta. Kurkumini inayeyuka katika mafuta, na chakula chenye mafuta kinakaa muda zaidi katika tumbo. Mawese yanafaa, mafuta ya karanga yanafaa. Njia nzuri jikoni ni hii: chemsha sombe yako au maharagi yako kama kawaida, kisha pembeni ukaange kitunguu katika mafuta, utie kurkuma na pilipili manga kidogo kwa dakika moja au mbili, umwage ndani ya sufuria karibu na mwisho. Watafiti wa India walipima wakaona kurkuma iliyochemshwa muda murefu inapoteza kati ya robo na nusu ya kurkumini yake, njo maana tunasema mwishoni. Kwa samaki, paka kurkuma na chumvi kabla ya kukaanga. Inapendeza, na hakuna munganga atakayekukataza.

Inaponyesha nini, basi?

Kwa maumivu ya magoti, yale ya watu wenye umri na wale waliobeba mizigo maisha yote, kuna ushahidi wa kuangalia. Huko Thailand, watafiti walichukua wagonjwa 367 wenye magoti yaliyochakaa, wakawapa nusu kiini cha kurkuma miligramu 1500 kwa siku na nusu ibuprofeni miligramu 1200 kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Nyuma ya majuma 4 maumivu yalipungua karibu sawa kwa pande zote mbili, na wale wa kurkuma walilalamika kidogo juu ya tumbo. Mwaka 2023, huko huko Thailand, jaribio lingine la watu 206 lilionyesha kwamba kwa maumivu ya tumbo la juu na kujaa gesi, kurkumini ilisaidia karibu sawa na omeprazoli. Haya ni mambo mazuri. Lakini angalieni: ni kupunguza maumivu kwa majuma machache, kwa watu waliochaguliwa na kufuatwa na waganga, na kwa dawa iliyopimwa vizuri. Goti halikurudi kuwa goti la kijana.

Kwa kisukari na mafuta ya damu kuna majaribio madogo madogo, mengine yanaonyesha faida kidogo, mengine hayaonyeshe. Mimi singetoa franga yangu kwa hiyo. Kwa kansa, hakuna mutu aliyeonyesha kwamba kurkuma inaiponyesha. Kwa malaria, hapana. Kwa Ebola, hapana kabisa.

Wasomaji watauliza: mbona tunasikia kila siku kwamba kurkumini inaua kansa, inaua mikrobi? Inaua, ndiyo, katika chupa ya maabara. Pale mutafiti anamwaga kurkumini moja kwa moja juu ya kile anachotaka kuua, tena nyingi kuliko ile itakayofika kamwe katika damu ya mutu. Hata jike yenye kufua inaua mikrobi katika chupa na hakuna mutu anayeinywa. Katika mwili kurkumini inapaswa kwanza kupita utumbo, na tumekwisha kuona inavyopita. Kwa hiyo mutoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe malaria siku ile ile. Uji wa kurkuma atakunywa kesho akiwa na dawa.

Sasa mabaya, na hapa naomba musome polepole.

Mulango ambao piperini inafungua haufunguki kwa kurkumini peke yake. Wale wafanyakazi wa maini waliozuiwa ndio wale wale wenye kuondoa dawa nyingi katika mwili. Ukiwazuia, dawa inabaki katika damu zaidi ya kiasi ambacho munganga alipima. Imeonekana kwa fenitoini, ambayo wengi wenye kifafa wanaitumia. Imeonekana kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Katika vijiji vyetu kila mutu anamujua mwenzake anayemeza dawa ya kifua kikuu kwa miezi 6. Dawa zile tayari ni kazi nzito kwa maini. Kuongeza juu yake kapsuli ya kurkuma na piperini ni kubebesha punda gunia la pili wakati anapanda mulima. Mwenye dawa za kifua kikuu, za kifafa, za VVU, za moyo au za kupunguza kuganda kwa damu, asinunue kapsuli hizi bila kumwonyesha munganga kopo lenyewe. Mwenye dawa za kisukari naye, sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Na maini yenyewe yanaweza kuumia hata bila dawa nyingine. Marekani kuna kikundi cha waganga chenye kufuata watu walioumizwa maini na dawa na mimea. Kati ya mwaka 2011 na 2022 waliandika wagonjwa 10 ambao kurkuma njo iliyoshukiwa. Watano walilazwa hospitali, na mumoja alikufa. Saba kati ya wale 10 walikuwa na alama moja ya damu ya kuzaliwa nayo, ni kusema kuna watu ambao mwili wao haukubali, na hakuna anayejijua mbele. Italia nayo iliona wagonjwa wa namna hiyo, ikaamuru makopo yaandikwe onyo. Mwaka 2022 shirika la Ufaransa lenye kulinda usalama wa chakula lilitangaza kwamba limepokea taarifa zaidi ya 100 za madhara yenye kufikiriwa kutoka kwa vidonge vyenye kurkuma, na 15 kati ya hizo ni za maini kuvimba. Kapsuli zinamezwa na watu wengi sana, kwa hiyo hatari hii ni ya wachache. Lakini mutu wa Paris akivimba maini anapimwa damu kesho yake. Mutu wa kwetu anatembea siku nzima kabla ya kumwona munganga.

Kiasi ambacho wataalamu wa Ulaya wanaona mutu mwenye kilo 60 anaweza kula kila siku bila wasiwasi ni miligramu 180 za kurkumini. Rudieni hesabu ya juu: ni kama vijiko vidogo viwili vya unga. Kapsuli moja ya miligramu 475 imepita kiasi hicho mara mbili na nusu, na kuna makopo yenye kuandika "meza 2 au 3 kwa siku."

Dalili za maini kuumia ni macho kuwa ya manjano, mukojo kuwa mweusi kama chai iliyokolea, kichefuchefu, uchovu, mwili kuwasha. Tafadhali, asiseme mutu, "Ah, ni rangi ya kurkuma tu." Kurkuma inapaka vidole, inapaka nguo na kikombe, macho haiyapaki. Macho yakiwa ya manjano, acha kapsuli na uende hospitali na kopo mukononi. Na mutu ambaye tayari ana ugonjwa wa macho ya manjano asipewe kurkuma kwa sababu rangi zinafanana.

Kuna wengine wa kuacha kapsuli: mwenye mawe katika nyongo, sababu kurkumini inaikaza nyongo na maumivu yanaweza kumuangusha, mwenye kupata mawe ya figo, anayengojea kupasuliwa. Mama mwenye mimba ale kurkuma ya chakula tu. Kurkumini inashika madini ya chuma, na mama zetu wengi tayari wana upungufu wa damu. Kijiko katika sufuria ya familia hakina shida hiyo.

Tukifika kwa bei, kuna habari moja ya Bangladesh ambayo kila koperative ingefaa kuijua. Kule, miaka ya 1980, mafuriko yaliharibu rangi ya kurkuma, ikatoka ya majivu. Wafanyabiashara wengine wakaanza kuipaka rangi ya viwandani yenye risasi, ile sumu yenye kuharibu akili ya watoto hata wakiwa bado katika tumbo la mama. Wanunuzi wakazoea manjano yenye kung'aa, na asiyepaka hakuuza. Mwaka 2019 watafiti waliona kwamba karibu nusu ya kurkuma ya masoko ilikuwa na rangi hiyo. Serikali ikatangaza katika redio na magazeti, ikaingia sokoni na mashine za kupima, ikatoza wauzaji faini mbele ya watu. Mwaka 2021, wakipima tena, haikuonekana hata moja. Kilichoanzisha yote ni kukausha vibaya na mununuzi mwenye kuangalia rangi kwa macho.

Kwa hiyo yule anayekuja na kusema "hii yenu haing'ae," musimufuate. Wanunuzi wakubwa wa kurkuma ya kapsuli hawalipi rangi ya juu, wanalipa asilimia ya kurkumini. India wana aina inayoitwa Alleppey yenye kufika karibu 5 au kupita, na ile ya Madras yenye karibu 3 na nusu, na bei zake hazifanani. Mukitaka kupatana bei vizuri, koperative itume kwanza mufano katika maabara, au imuombe mununuzi aandike katika karatasi asilimia aliyoipata. Kilo zinapunguka sana pia: kilo 5 za muzizi mubichi zinatoa karibu kilo moja ya mukavu. Mwenye kusahau hilo anakubali bei ya mukavu yenye kuonekana nzuri na anapata hasara.

Vuneni majani yakikauka, miezi 7 mpaka 9 nyuma ya kupanda. Osheni, chemsheni muzizi muzima mpaka kijiti kinaingia bila nguvu, karibu dakika 45 mpaka saa moja, ndipo rangi inaenea sawa na muzizi hauchipuki tena. Kaukisheni juu ya turubai safi, si juu ya udongo, siku 10 mpaka 15, na usiku mufunike. Muzizi uliokauka unavunjika na sauti, haupindi. Kaukeni nao mpaka hapo hata kama mununuzi ana haraka, sababu uliobaki na maji unaota ukungu ndani ya gunia.

Kisha giza. Muangaza unaivunja kurkumini, na mifuko ya plastiki yenye kuonyesha ndani, ile yenye kupendeza kwa meza ya soko, inaipoteza siku kwa siku. Wekeni unga katika kopo au mufuko muzito usiopitisha muangaza, sageni kidogo kidogo kadiri ya kuuza. Juu ya mufuko muandike jina la koperative, uzito, tarehe ya kusaga na namba ya fungu. Neno "inaponyesha" musiliandike, hata kama muuzaji wa jirani ameliandika: mufuko ule utafika kwa mutu ambaye ana dawa za kifua kikuu mezani na miezi mine bado ya kumeza.